Zizi Lililobaki Nje ya Mchoro

Habari za kifo cha kaka Hamisi zilinifikia kwenye simu, katikati ya picha za kicheni pati ya mtu nisiyemjua na tangazo la viwanja. Mmoja wa tuliofanya naye kazi aliandika kwamba fundi wetu ametutoka na atazikwa kwao Kondoa leo hii baada ya adhuhuri. Niliondoka Dodoma na nguo za kazini. Waislamu hawamngoji mtu wa mbali, tena mimi si ndugu. Nilipofika, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini wamekaa mkekani, na mimi nikaelekezwa ndani kwa wanawake. Mjane alinipa mkono bila kunikumbuka. Nilimwambia nilifanya kazi na marehemu zamani, akauliza kazi gani, kwa upole wa mtu ambaye siku nzima amekuwa akiuliza na kujibiwa. Nikasema alinifundisha kuchora ramani za barabara. Akasema, “Karibu, ule kwanza.” Nilikula pilau, nikakaa kadiri adabu inavyotaka, sikulia. Wanaonifahamu hawashangai. Lakini gari lilipoanza kushuka kutoka milimani nikajikuta naukumbuka mwaka niliokaa Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, mwaka ambao kwa muda mrefu nimekuwa nikiuruka ninapowasimulia watoto wangu maisha yangu.

Nilikozaliwa na wazazi wangu ni akina nani nitayaacha, hayakunisaidia mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa mjane, neno ambalo sikulitumia. Mume wangu Deo alifia safarini. Nami wakati huo nilikuwa nimelazwa wodini kwa maradhi yangu, siwezi hata kukaa, na ndugu zake wakamchukua wakamzika kwao Muleba. Shemeji yangu Projestus alipiga simu ya nesi, nikashikishwa, akanieleza kwamba wameshamaliza. Nilisema, “Sawa.” Akangoja. Nikasema, “Ahsanteni kwa kazi.” Akangoja tena kidogo, halafu laini ikakatika, au aliikata yeye. Tangu siku ile nilisema sawa kwa kila kitu. Nilipotoka hospitali nikasikia kuna kampuni ya ushauri wa barabara Dodoma inatafuta mchoraji, nikaenda, wakaniuliza kama nitaweza kuanza Jumatatu, nikasema sawa. Ofisini haikuchukua muda wakanibatiza jina. “Bi Sawa, chai iko tayari.” “Bi Sawa, umeme umekatika, unasemaje?” Nilikuwa nacheka nao. Kucheka hakukuwa kazi ngumu, ni suala la kufungua mdomo.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa, mtaa wa Kikuyu. Wahandisi walikaa sebuleni. Sisi wachoraji tulipewa chumba kilichowahi kuwa jiko, na sinki lilikuwepo bado, tukioshea vikombe. Kompyuta zilikuwa zile za chogo, kila moja ina kipande chake cha kitenge cha kuifunika jioni kwa sababu ya vumbi. Upepo wa Dodoma ukiamua kuingia ndani hauombi hodi. Kaka Hamisi alikaa dirishani. Alikuwa Mrangi mwembamba mwenye shati lililofungwa vifungo hadi shingoni na kofia ya kufuma mfukoni, na alizungumza taratibu mno hata wahandisi walikuwa wanamalizia sentensi zake, mara nyingi vibaya. Yeye ndiye aliyenionyesha kazi. Kulikuwa na barabara ya kuingilia maghala ya reli kule Ihumwa, na wapima walikuwa wameshapita na kuchora kila walichokiona, nyumba, miti, nguzo, mpaka vijia vya mbuzi. Mchoro wao tuliuita mchoro mama na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Kila karatasi yetu ilikuwa na mchoro wake, na ndani yake tuliuita ule mama uje ukae nyuma, uonekane bila kuwa wetu. Huko kuuita, wenyewe ofisini walisema eksirefu. Shida ni kwamba ukiuita unakuja wote. Unataka kuchora kona moja ya barabara, unaletewa Ihumwa nzima, na kompyuta inaganda. Hapo ndipo unapoklipu: unachora mpaka kuzunguka kile unachokihitaji, unabonyeza, na kila kilicho nje ya mpaka kinatoweka.

“Vimeenda wapi?” nilimuuliza.

“Havijaenda popote,” alisema kaka Hamisi. “Vipo hapo hapo. Wewe tu ndiye huvioni. Ukizima mpaka, vinarudi.”

“Si tungevifuta tu?”

“Ufute nyumba za watu kwa sababu kompyuta yako nzito?”

Niliipenda kazi ile. Nasema niliipenda kwa sababu sina neno jingine. Ilikuwa ndiyo saa ya siku ambayo haikunidai chochote. Nilichora mpaka, vikatoweka vichaka, vikatoweka vyoo na matuta ya mihogo, ikabaki barabara peke yake katikati ya kioo cheusi, na mimi nikapumua. Kaka Hamisi alikuwa na sifa ya kuklipu kwa kubana, mpaka wake unapita karibu kabisa na ukingo wa hifadhi ya barabara, na mimi nilijifunza kubana vile vile. Injinia Kweka, mkuu wetu, aliipenda karatasi safi. Alikuwa Mchaga mnene mwenye haraka, anapitia michoro amesimama, kikombe mkononi, na karatasi yenye mambo mengi aliiita supu. “Nani kanipikia supu?” alikuwa akipaza sauti kutoka sebuleni. Hakuna aliyetaka kuwa mpishi.

Chumba changu kilikuwa Ihumwa kwenyewe. Kampuni ilinipangia huko nikae na wapima kwa muda mfupi, wapima wakamaliza vipimo vya mwisho wakaondoka, na mimi nikasahau kuhama. Ndiyo, mtu anaweza kusahau kuhama. Gari la kampuni lilinichukua asubuhi na kunishusha jioni, na sikuona sababu ya kubadilisha. Mwenye nyumba alikuwa Mama Ndahani, mjane wa Kigogo aliyeshapita makamo, na nyumba yake ilikuwa nusu tembe ya zamani yenye paa la udongo, nusu vyumba vya bati alivyoongeza mwanawe Ndahani kabla hajaenda kufanya kazi Morogoro. Nyuma ya nyumba palikuwa na zizi la miiba, lenye mbuzi na ng'ombe wachache wenye mbavu za kuhesabika. Dirisha langu lilitazama huko. Mama hakuniuliza habari zangu. Siku ya kwanza aliniona nimekaa kitandani mlango wazi, hajui nimekaa hivyo tangu lini, akaja na bakuli la mlenda na ugali wa uwele, akaketi kizingitini mpaka nikaanza kula. “Kula, mwanangu,” alisema. “Mlenda hautaki meno, wala hautaki furaha.” Tangu hapo tukala pamoja kila jioni. Kuna siku aliponda karanga ndani yake, na mimi nilijua kwamba ni tamu kwa jinsi unavyojua kuwa leo ni Alhamisi.

Jioni, jua likielekea kuzama, alikuwa anaenda kufunga zizi, na hapo ndipo nilipomsikia akizungumza. Alizungumza Kigogo, sauti ya chini, wakati mwingine kwa kirefu, akinyamaza na kuendelea. Sikuelewa neno. Nilifikiri anawasemesha mbuzi. Wafugaji wana mambo yao. Mara moja nilimsikia akigomba kabisa, akamaliza kwa kicheko, akaingia ndani akitikisa kichwa. Nililala kitandani nikisikiliza, na nilichofikiri ni kwamba yule mama ana bahati, wanyama wake wanamsikiliza. Nikaona hilo ni wazo la kutosha kwa siku moja.

Ni yeye aliyeomba picha. “Mnachora Ihumwa kila siku,” alisema, “na mimi sijajiona.” Basi siku moja, wenzangu wakiwa wamekwenda kula wali kwa mama ntilie, nikafungua karatasi ya kipande kile cha barabara, nikauzima mpaka wa kaka Hamisi, na vyote vilivyofichwa vikarudi, nyumba ya mama, mti wake, zizi lake la nukta nukta. Nikachapa, nikampelekea. Alitandika karatasi uwanjani, akaigeuza mara mbili tatu mpaka upande wa mashariki ukaelekea mashariki, akapiga magoti. Aliiona nyumba haraka kuliko nilivyotegemea. Akauona mti. Halafu akaweka kidole katikati ya zizi, kwenye kiduara kidogo ambacho wapima walikuwa wamekiandikia neno mawe.

“Huyu hapa Baba Ndahani,” alisema.

Nilidhani hajaelewa mchoro. Nikamwambia taratibu kwamba hilo ni zizi.

“Najua ni zizi. Mwenye mji atalala wapi mbali na ng'ombe wake? Walimzika hapo, ng'ombe wakakanyaga mpaka pakawa sawa. Hayo mawe ni ya kichwani kwake.”

“Mbona hukuwaambia wapima?”

“Kijana aliniuliza hivi ni nini, nikamwambia mawe. Si mawe? Mgeni haambiwi wafu wa nyumba siku ya kwanza.” Akakitazama kiduara kwa muda, akatabasamu kana kwamba amepigwa picha nzuri. Kisha kidole chake kikatembea pembeni. “Na huu mshale?”

Mshale ulikuwa wetu. Ulianzia kwenye mtaro wa barabara, ukavuka ukingo wa hifadhi, ukaelekea kwenye zizi.

“Ni maji, mama.”

“Maji ya nani?”

“Ya barabara. Mvua ikinyesha, mtaro utayatolea hapa.”

Aliinuka kwa kushika goti, akanionyesha kwa kidevu korongo lililokuwa ng'ambo ya shamba la jirani, pana la kuingia lori. Akasema yeye alipoolewa lilikuwa ni njia ya kuku. Udongo wa huku ukishafunguliwa na maji haujifungi, alisema, na mvua hazikuwa mbali. Kisha akauliza swali lake kwa ukamilifu, ili nisije nikasingizia sikulisikia: “Kwa hiyo mtamtoa mume wangu kwa maji?”

Nilitakiwa kushtuka. Nilijitazama nikingoja mshtuko ufike, kama mtu anayengoja gari kituoni, haukuja. Nikasema sawa mama, nitawaeleza. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilijua alikuwa akizungumza na nani jioni zote zile.

Kaka Hamisi nilimweleza asubuhi, hata kitenge sijaondoa kwenye kompyuta. Alifungua karatasi yake. Mwisho wa mtaro, pale mshale unapoishia, palikuwa patupu kabisa, pasafi, pasipo na supu. Akauzima mpaka. Zizi likarudi, na mshale umelichoma. Akauwasha, likaondoka. Akauzima. Alirudia hivyo mara nyingi, na mimi nilisimama nyuma yake nikitazama zizi likija na kwenda. “Injinia ameona uwanja,” alisema mwisho. “Ameona peupe akafikiri hapana mtu. Mimi ndiye niliyempa peupe.” Akavaa kofia yake, jambo ambalo hakulifanya ofisini isipokuwa akienda kuswali, akaenda sebuleni.

Injinia Kweka hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo kwa sababu hadithi kama hizi hutafuta mtu mbaya haraka. Alikuwa amechelewa. “Michoro imeshasainiwa,” nilimsikia akisema. “Mkandarasi anaingia saiti. Makaburi yana utaratibu wake, yanahamishwa kila siku. Mwanawe anasemaje?” Mwanawe, tulipompigia Morogoro, alisema ni afadhali wahamishe, atajengea baba yake kaburi la saruji lenye vigae, watu wapite waone. Injinia akafungua mikono yake: mnaona? Kaka Hamisi akasema kwa ule utaratibu wake kwamba kaburi si la Ndahani peke yake, lina mwenyewe, twende tukamsikie. Injinia akamalizia sentensi vibaya, kama kawaida yao: “Twende tukamwelimishe.” Tukaenda wote watatu, mimi nimekaa nyuma na rula ya kuchorea mapajani, sijui niliibeba ya nini.

Mama alitupokea uwanjani. “Mbukwenyi,” alitusalimu, akaleta viti kwa wanaume na kigoda kwangu. Kaka Hamisi alimwamkia shikamoo, akaomba ruhusa, akaenda kusimama kwenye miiba ya zizi, akainua viganja na kumwombea dua mtu ambaye hakuwa wa dini yake. Injinia alibaki amesimama, anaangalia saa. Alieleza vizuri. Alieleza utaratibu, sanduku jipya, mchungaji, saruji. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

“Baba yako yuko hai?” alimuuliza.

“Alishafariki, mama.”

“Yuko wapi?”

“Nyumbani. Kwenye migomba, nyuma ya nyumba. Sisi Desemba lazima…” Akaishia hapo.

“Na maji ya barabara ya kwenu mmeyaelekeza wapi?”

Injinia alitembea hadi kwenye zizi, akatazama lile rundo dogo la mawe katikati ya samadi, ambalo hata mimi niliyelitazama kila jioni kwa dirisha sikuwahi kuliona. Akageuka akatazama barabara itakapopita, akafinya jicho moja, akapima mteremko kwa mkono. Nilijua ameshaanza kusogeza mtaro. Na wakati huo huo, bila kuinua sauti, mama akanigeukia mimi.

“Na wa kwako, mwanangu? Yuko wapi?”

Sikuwahi kumwambia kwamba nimefiwa. Labda ilikuwa imeandikwa usoni, labda wajane wanajuana kwa namna wanavyokaa. Kaka Hamisi alitazama chini. Nilifungua mdomo niseme Muleba, nikagundua kwamba Muleba ni wilaya. Sikujua ni upande gani wa nyumba. Sikujua kama ni chini ya mti au kwenye jua, kama kuna msalaba, kama kuna ukuta, kama wamemlaza karibu na mama yake aliyempenda sana. Nilikuwa nimeweka mpaka mahali pale na sikuwahi kuuliza kilichobaki nje.

“Sijui,” nilisema.

Mama alitikisa kichwa mara moja, akaingia ndani kuleta chakula. Wote watatu tulikula mlenda kutoka bakuli moja. Injinia alisifia karanga.

Mchoro ulibadilishwa. Sitaki kukuza mambo: ulikuwa mstari mmoja, kalvati moja kusogezwa hadi pale mteremko unapoelekea kwenye korongo la zamani, na vimo vichache kuandikwa upya. Injinia aligombana na mkandarasi siku nzima kwenye simu, akatumia lugha ambayo kwa Kiswahili haina heshima. Kaka Hamisi alifungua karatasi zote za mradi, moja baada ya nyingine, akauzima kila mpaka, akatazama kilichokuwa nyuma, ndipo akauwasha tena. Alifanya hivyo kwa kila mradi tuliofanya pamoja hadi nilipoondoka. Wachoraji wapya walimcheka kwa kupoteza muda. Ndahani alikasirika kwa ajili ya saruji yake, halafu akazoea.

Mvua zilianza mchana, siku ya Jumapili, mkandarasi akiwa ameshamaliza kipande chetu cha mtaro. Nilikuwa nimelala, nikasikia mama akiniita kwa nguvu, nikatoka na kanga moja. Alikuwa amesimama chini ya bati, na maji yalikuwa yanakuja kutoka barabarani, mekundu, mengi, yamebeba majani na ndala ya mtu. Yalifika kwenye kalvati mpya, yakasita, yakajaa. Kisha yakageuka. Yakaenda korongoni kwa kelele, na uwanja wa zizi ukabaki unapigwa na mvua ya kawaida tu, ile ya Mungu, ng'ombe wamegeuzia upepo migongo. Mama alianza kuyatukana yale maji. Aliyatukana kwa Kigogo na kwa Kiswahili, akacheka, akapiga makofi, akamwita mume wake kwa jina ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa na mtu mwingine, akamweleza kilichotokea. Nilimtazama na nikahisi kitu kikiingia kifuani, kigumu na kichafu, na ilinichukua muda kukitambua kwa sababu sikuwa nimehisi kitu kwa karibu mwaka mzima. Ulikuwa wivu. Nilimwonea wivu mwanamke mzee kwa sababu ana kaburi la kuligombania.

Mvua ilipokatika nilipanda juu ya barabara ambako simu ilikuwa inashika, nikampigia shemeji Projestus. Hatukuwa tumezungumza tangu ile simu ya nesi. Tulisalimiana, tukaulizana mvua, tukaulizana afya za watu ambao wote walikuwa wazima. Matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo vyangu. Nilimuuliza, “Shemeji, Deo mlimlaza wapi?”

Nilimsikia akiwaambia watu wa kwake wapunguze kelele.

“Tulikuwa tunangoja uulize,” alisema.

Nikamwambia anieleze polepole, kuanzia mlangoni.